Nasaba Isiyo na Mama: Kukisoma Upya Kisasili cha Milansi

Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi simulizi, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba nasaba si fasihi. Hoja yake ilikuwa kwamba fulani kamzaa fulani, naye fulani kamzaa fulani, ni kama orodha ya mahudhurio darasani: hakuna wahusika, hakuna mgogoro, hakuna mtindo. Tulicheka, na nakiri kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa waliompigia makofi. Makala haya ni jaribio la kuyarudisha yale makofi.

Nakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, nasaba ni utungo: ina fanani, ina hadhira, na ina mambo yanayoachwa kwa sababu maalumu. Pili, jambo linaloachwa mara nyingi zaidi ni ndoa, kwa kuwa ndoa ndiyo mlango anaoingilia mwanamke katika ukoo wa watu. Mfano wangu mkuu ni kisasili cha Milansi cha kwetu Ufipa. Nitakilinganisha na Habari za Pate, na pia na nasaba za makabaila wa Kiingereza tunazokutana nazo katika tamthilia za Shakespeare. Lakini kwanza inabidi nieleze kisa cha daftari, maana bila kisa hicho nisingeshika kalamu.

Kisa cha daftari

Mimi ni mtu wa Kate, wilaya ya Nkasi. Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa historia alitupa kazi ya kuandika koo zetu. Nikamfuata babu. Akanitajia baba yake, baba wa baba yake, na ndugu zao wa kiume, hadi vizazi sita. Nikachora mti mzuri katika daftari, nikapata alama za juu, na daftari likahifadhiwa katika sanduku la babu pamoja na vyeti vya ubatizo. Toka siku hiyo likawa ndicho kitabu cha ukoo. Mtu akibisha jambo, linaletwa daftari.

Miaka ikapita. Dada yangu, binti wa baba mdogo, akaposwa na kijana wa kijiji kingine. Wazee wakauliza lile swali la siku zote: je, hawa si ndugu? Daftari likafunguliwa, majina ya pande mbili yakapangwa, hayakugusana popote. Posa ikapokelewa. Wakati huo bibi alikuwa Namanyere akimuuguza shangazi. Aliporudi, maandalizi ya harusi yakiwa yamepamba moto, aliuliza kijana katoka tumbo la nani. Akatajiwa. Akauliza, na huyo mama naye katoka tumbo la nani? Akatajiwa. Bibi akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Huyo mliyemtaja mwisho, mimi na yeye tumenyonya ziwa moja."

Alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa mbali, huko bondeni upande wa Ziwa Rukwa, akafariki mapema. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 kizuizi cha udugu wa namna hii huishia kwa watoto wa ndugu wawili; hawa walikuwa wajukuu wa ndugu wawili, hivyo padri asingekuwa na neno. Lakini kwa wazee wetu halikuwa suala la padri. Vikao viwili vilikaliwa, na posa ikarudishwa. Dada yangu aliniuliza swali moja tu: "Wewe msomi, kwa nini hukuandika?"

Sikuwa na jibu. Jina la dada yake bibi halikuwamo katika daftari. Kibaya zaidi, hata jina la bibi mwenyewe, aliyekuwa akinipikia uji wa ulezi wakati naandika, halikuwamo. Bibi hakusoma shule, lakini aliomba asomewe ukurasa kwa ukurasa. Nilipomaliza akasema, "Humu naona wanaume wamezaana wenyewe kwa wenyewe."

Uhakiki huo, kwa maoni yangu, unazidi mengi niliyosikia semina.

Kisasili cha Milansi

Sasa tutazame nasaba ya Ufipa nzima. Masimulizi yanasema mtu wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni, akaanzisha kijiji cha Milansi chini ya mlima Itwelele. Wazao wake wakawa watawala wa nchi. Siku moja mtawala wa Milansi akaenda kuwinda. Nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni, waliotoka mbali. Walipomkosa mwenyeji, wakapata kiti chake. Baadhi ya fanani husema aliyewaachia kiti ni mke wa mtawala, wengine husema ni dada yake. Mwenye nchi aliporudi alikuta wageni wameshakaa, na kiti kikishakaliwa nchi imekwenda. Hakupigana. Aliwaachia utawala, akabaki na Milansi, mlima Itwelele na heshima ya jadi. Wale wanawake ndio chimbuko la Watwa. Msomaji asichanganye: Watwa hapa ni ukoo wa kifalme wa Ufipa, si Watwa wa misitu ya Kongo. Baadaye ukoo huo uligawanyika, zikawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la wilaya yetu ya Nkasi linatokana na ufalme ule wa kwanza.

Tukifuata uainishaji wa M. M. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, kuna mahali pa visasili, pa visakale na pa tarihi. Masimulizi ya Milansi yanaanza kama kisasili (mtu kudondoka toka mbinguni), yanaendelea kama kisakale (kiti na wageni), halafu yanamalizikia katika tarihi, yaani orodha ya wafalme. Hapo penye maungio ndipo mhakiki anapotakiwa kusimama na kuchungulia.

Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliliandikia suala hili makala mwaka 1967 na kitabu kizima mwaka 1981. Yeye anaona Milansi na Watwa kama sehemu mbili za mwili mmoja: Milansi ni kichwa, maana yake ukubwa na hekima, Watwa ni kiuno, maana yake nguvu na uzazi. Ni usomaji wenye uzito, na unaeleza kwa nini mwenyeji hakufukuzwa kabisa: mwili hauishi bila kichwa.

Pamoja na hayo naongeza swali ambalo bibi angeuliza: mama yuko wapi? Ntatakwa hana mama kabisa, anatoka juu moja kwa moja. Wanawake watatu nao wanakuja kwa miguu bila waume. Yaani utungo una mwanamume asiye na mama, na una wanawake wasio na waume. Kisha ghafla, kizazi kinachofuata, tunakuta orodha ya wafalme, mwanamume baada ya mwanamume, kama kwamba ufalme haukuanza kwa wanawake. Je, hawa wafalme walizaliwa na nani, na kwa ndoa ipi? Kiti kilichotwaliwa na wanawake kimefikaje mikononi mwa wana wao wa kiume? Masimulizi niliyoyasikia yanalipita jambo hili haraka sana, na mimi nimejifunza kuishuku haraka ya fanani.

Pate na London

Ili tuone kwamba hili si la Ufipa peke yake, twende pwani. Habari za Pate zinasimulia kwamba Seleman wa ukoo wa Nabhani alifika Pate kutoka Arabuni mnamo mwaka 600 wa Hijria, sawa na miaka ya 1203 na 1204, akamwoa binti wa mtawala, na kwa ndoa hiyo akaupata ufalme. Wanahistoria wameitilia shaka tarehe hiyo. Neville Chittick aliipinga kwa ushahidi wa akiolojia mwaka 1969. Kwa mhakiki wa fasihi, tarehe ikiwa na kasoro, kazi ya ndoa katika utungo iko palepale: ndoa inamgeuza mgeni kuwa mrithi. Bila yule binti, Nabhani ni mfanyabiashara tu aliyeshuka jahazini. Hata hivyo, baada ya harusi nasaba inaendelea kwa wanaume, na binti anatoweka.

Tukilinganisha, Pate mgeni ni mwanamume, anaoa, nchi inakuwa yake. Milansi wageni ni wanawake, hawaolewi na mwenye nchi, wanakaa tu juu ya kiti. Kwa hiyo Ufipa utawala na nchi havikuunganishwa kwa ndoa, vikabaki viwili: kiti kwa Watwa, mlima kwa Milansi. Naona tofauti hii inafafanua vizuri ule mwili wenye kichwa na kiuno.

Sasa Uingereza. Wale tuliosoma tamthilia za kihistoria za Shakespeare tunakumbuka jinsi mti wa ukoo wa Edward III, aliyefariki mwaka 1377, unavyotuumiza vichwa. Koo za Lancaster na York, zote za uzao wake, ziligombea kiti hadi Henry Tudor alipomshinda Richard III huko Bosworth mwaka 1485. Dai la Henry lilipitia kwa mama yake, Margaret Beaufort, aliyemzaa akiwa na umri wa miaka 13 tu. Januari 1486 akamwoa Elizabeth wa York, na ndoa hiyo ikachukuliwa kuwa ndiyo iliyozipatanisha koo mbili. Shakespeare anaimaliza Richard III kwa kuitangaza ndoa hiyo. Lakini hebu fungua tamthilia uitazame orodha ya wahusika: Elizabeth huyo hayumo. Anaposwa, anagombewa, anatangazwa, haingii jukwaani hata mara moja. Margaret naye anatajwa tu. Amani ya nchi nzima imejengwa juu ya wanawake wawili ambao mtunzi hakuwapa hata sentensi.

Na makabaila wale walijua sana kuitumia nasaba ya kike inapowafaa. Katika Henry V askofu mkuu anahubiri kirefu kwamba mfalme ana haki ya kuichukua Ufaransa kupitia kwa mwanamke, yaani Isabella, mama wa Edward III. Ati wakati huohuo ukoo wa huyo Henry wa Lancaster ulikuwa umekalia kiti cha Uingereza kwa kuwaruka akina Mortimer, ambao dai lao lilipitia kwa mwanamke, Philippa, mjukuu wa Edward III. Kwa hiyo mwanamke ni hoja halali ukitaka nchi ya mwenzio, na si hoja ukiulizwa juu ya ya kwako! Sheria ya kumtanguliza mtoto wa kiume katika urithi wa taji la Uingereza iliondolewa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2013, nayo inawahusu waliozaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011. Kwa vyeo vingi vya makabaila wenyewe, urithi umebaki wa wanaume.

Kutoka mdomoni hadi karatasini

Turudi Ufipa. Katika Kifipa ukoo ni uluko, na uluko huhesabiwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Hapa ndipo kosa langu linapoonekana. Daftari langu halikuwa "mila ya Wafipa". Lilikuwa mila ya fomu: mstari mmoja unaoshuka, jina moja kila kizazi. Fomu ya namna hiyo ina historia. Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia machifu Tanganyika, na kuuwekea sheria mwaka 1926, maofisa wao walihitaji kujua chifu halali ni nani. Swali likawa moja: nani alimrithi nani? Jibu la swali hilo ni orodha. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, lakini orodha zilibaki katika vitabu na vichwani, na sisi wanafunzi tukazirithi kama umbo la asili la nasaba.

Maandishi yana sifa moja mbaya: yanaonekana yamekamilika. Bibi akisimulia, unaweza kumkatiza ukamwuliza, "Na huyo mama yake nani?" Fanani yupo, atajibu. Daftari halijibu. Ndiyo maana wazee wa pande zote mbili, watu wazima wenye akili zao, waliliamini, wakati mwenye habari kamili alikuwa Namanyere kando ya kitanda cha mgonjwa na hakuna aliyetuma mtu kumwuliza.

Hitimisho

Kwa wenzangu wanaojiandaa kwenda kukusanya fasihi simulizi likizo ijayo, napendekeza tusimwendee fanani mmoja wa kiume tukadhani tumeikusanya nasaba. Kila jina lifuatwe na swali la tumbo alilotoka. Kila ndoa iandikwe ilitoka kijiji gani ikaenda kijiji gani. Matoleo yanapotofautiana, kama lile la mke au dada wa mtawala wa Milansi, yaandikwe yote mawili, maana tofauti yenyewe ina habari: mke ni mtu wa ukoo mwingine, dada ni wa palepale, na anayekiachia kiti akiwa dada, basi nchi ilitolewa na mwenye nchi.

Kwa mwenzetu wa semina, jibu langu ni kwamba nasaba ina wahusika na ina mgogoro. Tatizo ni kwamba nusu ya wahusika wamezuiwa wasiingie jukwaani, kama yule Elizabeth.

Nimeanza daftari jipya. Safari hii nilikaa na bibi, na ilituchukua jioni tatu kuvimaliza vizazi vitatu tu, maana kila mama alileta kijiji chake na watu wake. Halichoreki kama mti. Linafanana zaidi na wavu wa wavuvi wa Kirando, na sijui mwalimu wangu angelipa alama ngapi. Dada yangu ameliona. Alipitisha kidole hadi palipo na jina la yule dada mkubwa wa bibi, akalisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama nina kalamu, kwa kuwa jina la mama yake nilikuwa nimelikosea herufi.