Wino Usioonekana: Elimu Iliyomo Jikoni

Mkulima wa Makueni aujua vema mlimau. Mche wake wafaa kupandikizia mchungwa, na maji ya tunda lake yafaa katika chai na mchuzi. Lakini ni wachache waliopata kufikiri ya kuwa limau moja, karatasi nyeupe na pasi ya makaa vyatosha kumpa mtoto somo la sayansi ambalo hatalisahau upesi.

Katika Kitui na Makueni wako wazazi wauzao mbuzi na maembe ili wapate karo, nao hudhani ya kuwa sayansi ni kitu kikaacho katika maabara ya shule, nyuma ya kabati la vioo. Fikira hiyo humdhuru mtoto. Akishaamini kwamba elimu iko mbali na nyumbani kwao, huacha kuuliza habari za vitu avionavyo kila siku. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019, huwataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao. Basi hapa pana kazi moja ndogo ambayo mzazi yeyote aweza kuanza nayo, hata katika nchi kavu ambako kila debe la maji lina thamani, maana yahitaji matone machache tu.

JINSI YA KUANDIKA

Kata limau, ukamue maji yake katika kikombe, na utie matone mawili matatu ya maji. Mtoto achukue kijiti kilichochongwa, au unyoya wa kuku, achovye, aandike jina lake juu ya karatasi nyeupe. Karatasi iwekwe kivulini mpaka ikauke kabisa. Atakapoitazama hataona neno lolote.

Ndipo mtu mzima, wala si mtoto, aipashe moto pasi na kuipitisha juu ya karatasi polepole. Baada ya muda kidogo herufi zitatokea, moja baada ya moja, kwa rangi ya hudhurungi. Pasi isikawizwe mahali pamoja, kwani karatasi yote ikiungua rangi itakuwa moja, na maandishi yatapotea tena.

KWA NINI HUTOKEA

Hapana uchawi wowote. Maji ya limau yana asidi na sukari kidogo. Asidi hudhoofisha nyuzi za karatasi, na sukari hubadilika rangi upesi kwa moto. Kwa hiyo mahali palipoguswa na kijiti huanza kuungua kabla ya karatasi nyingine.

Lakini mzazi asiharakishe kumpa mtoto maelezo hayo. Na amwulize kwanza: ni limau lililofanya kazi hii, ama ni unyevu tu? Mtoto aandike mistari mitatu katika karatasi moja: wa kwanza kwa maji ya limau, wa pili kwa asali ya Kitui iliyochanganywa na maji, na wa tatu kwa maji matupu. Kabla ya pasi kupita, aandike katika daftari yake ni upi anaodhani utatokea. Mstari wa maji matupu ndio utakaompa jibu, kwani kitu hakijulikani nguvu yake mpaka kilinganishwe na kisicho na nguvu hiyo. Kisha ajaribu ukwaju, apate kuona mwenyewe kwamba uchachu peke yake hautoshi kuwa wino wa siri, maana rangi ya ukwaju huyafichua maandishi hata kabla ya moto.

WINO WA MAGADI

Iko njia nyingine isiyohitaji moto. Magadi, yale yatokayo Ziwa Magadi katika Kajiado na kutumiwa kulainisha mahindi na maharagwe, huyeyushwa kidogo katika maji na kuandikiwa. Karatasi ikikauka, bizari ya manjano iliyochanganywa na spiriti hupakwa juu yake kwa pamba. Karatasi itakuwa ya manjano, na maandishi yatakuwa mekundu, kwa sababu manjano hugeuka rangi kila igusanapo na kitu cha jamii ya magadi. Spiriti iwekwe mbali na jiko, na mikono inawe baada ya kazi.

SIRI HAIDUMU

Ujuzi huu ni wa kale. Mrumi aitwaye Pliny, aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, aliandika ya kwamba utomvu wa mmea wa jamii ya mnyaa waweza kutumiwa kuandika maneno yasiyoonekana, ambayo hutokea yanyunyiziwapo majivu. Mnyaa upo katika nyua nyingi za Ukambani. Lakini mtoto asijaribu jambo hilo kamwe, kwa kuwa utomvu wake huchoma ngozi na waweza kumpofusha mtu aingiwapo nao machoni.

Katika Vita Kuu ya Kwanza mpelelezi wa Wajerumani, Carl Muller, alipeleka barua kutoka Uingereza zenye maneno ya kawaida kwa nje, na kati ya mistari akaandika habari za majeshi kwa maji ya limau. Wakaguzi wa barua waliyagundua. Alipigwa risasi katika Mnara wa London tarehe 23 Juni 1915, na limau lililotumiwa kuwa ushahidi limehifadhiwa mpaka leo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, nalo limekauka na kuwa jeusi.

Limau hilo lilimshuhudia Muller, kwa kuwa kila kigusacho kitu huacha alama, na mwenye kujua namna ya kuitafuta ataiona. Ndiyo kazi ya daktari atazamaye damu, na ya mtaalamu apimaye udongo wa shamba. Mtoto wa Mwingi au wa Wote aliyeliona jina lake likitokea chini ya pasi ya mama yake amekwisha kuianza kazi hiyo. Lililobaki ni wazazi wasichoke kumsikiliza anapouliza tena, “Kwa nini?”