Usitupe Kompyuta Kuukuu: Programu Huria Yaweza Kuifufua

Wakazi wa Kisii na Nyamira wenye kompyuta za zamani wanashauriwa wasikimbilie kuziuza kama vyuma chakavu. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft haitoi tena marekebisho ya usalama ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine nyingi zilizoundwa kabla ya 2018 hazikubaliki. Hatari yake si ndogo. Katika saiba ya Keroka au Ogembo, mwananchi huandika nenosiri lake la eCitizen na la iTax kwenye mashine kama hizo.

Ipo njia isiyo na malipo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, ni programu huria: unaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumgawia jirani bila kuvunja sheria. Toleo la Ubuntu lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno "omonto" la Ekegusii. Kwa anayehama kutoka Windows, Linux Mint ni rahisi kuzoea. Inahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni afadhali, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Mashine dhaifu ijaribiwe Lubuntu.

Kabla ya yote, nakili picha, barua na hesabu zako kwenye flashi au diski nyingine. Hapa ndipo wengi huumia, kwa kuwa ukichagua kufuta diski wakati wa kuweka Linux, kila kitu kilichokuwamo huondoka. Kisha pakua faili ya Mint kutoka tovuti yake rasmi. Inakaribia GB 3, kwa hivyo tafuta Wi-Fi badala ya kumaliza bando. Iandike kwenye flashi tupu ya GB 8 kwa programu ya Rufus, iwashe kompyuta upya na ubonyeze F12 (F9 kwa HP nyingi) ili ianzie kwenye flashi.

Usiiweke papo hapo. Mint hufanya kazi ikiwa kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hivyo jaribu kwanza Wi-Fi, sauti na printa. Ukiridhika, endelea. Fanya kazi hiyo asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri na radi zake, kwani stima ikipotea katikati utaanza upya.

Word na Excel za Microsoft hazitawekwa moja kwa moja, lakini LibreOffice hufungua nyaraka zake nyingi. Fomu za Excel zenye makro ndizo zinazosumbua; mwenye saiba anayezitegemea abakize angalau mashine moja ya Windows inayopata marekebisho.

Kompyuta ikikataa kabisa, fundi anaweza kutoa RAM na diski yake zikaongezwe kwenye nyingine.