Regyuleta Kuukuu za Gesi: Bei Ndogo Isimpofushe Fundi

Fundi wa kuchomelea anapotaka kufungua karakana yake mwenyewe mjini Arua au Koboko, kikwazo chake cha kwanza si ujuzi bali ni fedha. Mitungi yaweza kukodiwa. Mipira na kichomeo hupatikana kidogo kidogo. Lakini regyuleta mbili, moja ya oksijeni na moja ya asetilini, zikiwa mpya huila akiba yake yote. Ndiyo sababu tunamwona amechutama mbele ya turubai la vyuma vikuukuu, akigeuzageuza geji iliyopasuka kioo, huku muuzaji akimwapia: “Chukua tu, ndugu yangu, hii haina neno.”

Hatumlaumu anunuaye kikuukuu, wala apendaye kukitengeneza kwa mkono wake. Uhodari wa namna hiyo ndio ulioendesha kazi katika West Nile. Mkoa huu ulikaa miaka mingi mbali na gridi ya umeme ya taifa. Mtambo wa maji wa Nyagak, wenye megawati 3.5 tu, ulianza kazi mwaka 2012, na gridi yenyewe ilifika mwaka 2024. Katika miaka hiyo ya giza la mara kwa mara, moto wa gesi haukumngojea mtu wa umeme. Fremu za baiskeli, ekzosi za pikipiki na bodi za malori yaendayo Oraba mpakani ziliungwa kwa moto huo, na hata leo zinaungwa.

Neno letu ni moja: mwili wa regyuleta waweza kuwa wa zamani, lakini mpira na vali zake hazina budi kuwa mpya. Asiyeweza kupata vipuri hivyo asinunue.

Tueleze sababu. Mtungi uliojaa oksijeni huwa na mkazo upatao mara 150 hadi 200 ya mkazo wa hewa inayotuzunguka, ilhali kichomeo chahitaji sehemu ndogo mno ya nguvu hiyo. Kati yao husimama regyuleta. Ndani yake mna springi, utando wa mpira, na vali ndogo ikaliayo kiti chake. Skrubu ya mbele ikikazwa, springi husukuma utando, utando hufungua vali, na gesi hupita kwa kipimo.

Ubunifu huo ndio umpao pumzi mzamiaji wa baharini. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliigeuza regyuleta ya magari yaliyoendeshwa kwa gesi wakati wa vita, wakapata chombo cha kupumulia chini ya maji. Mzamiaji wa Zanzibar na fundi wa Koboko, basi, wanategemea utando wa namna moja. Na ukiwasaliti, hakuna hata mmoja wao apataye nafasi ya kulalamika.

Kabla ya kulipa, ndugu fundi, tazama haya. Jina la gesi lisomeke, au herufi yake: O kwa oksijeni, A kwa asetilini. Iliyofutika alama iache. Tafuta mwaka wa kutengenezwa, kwani watengenezaji wengi hushauri regyuleta ibadilishwe au ifanyiwe matengenezo kamili kila baada ya miaka 5. Mshale wa geji ukae juu ya sifuri; usiporudi, geji hiyo imekwisha kupigwa na mkazo. Nati ya asetilini hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, na kwa kawaida ina mikato pembeni ili isichanganywe na ya oksijeni. Ukiona imechongwa kwa tupa ilazimishwe kuingia pasipo pake, mrudishie mwenyewe.

Kisha chungulia tundu la kuingizia gesi. Ukiona weusi wa moshi au ukigusa utelezi wa mafuta, weka chini. Juu ya mafuta yatupasa kukaa kidogo. Oksijeni haiungui yenyewe, bali hukiunguza kwa ukali kila kiwezacho kuungua. Tone la grisi likikutana nayo kwa mkazo mkubwa laweza kuwaka bila kiberiti. Katika karakana moja ya Koboko tulimkuta kijana mwanafunzi akiipangusa regyuleta kwa kitambaa alichotoka kufutia mnyororo wa pikipiki. Mzee wa kazi hakumfokea. Alisema tu: “Mwanangu, weka kitambaa hicho, kanawe mikono kwanza.” Somo zima lilikuwa katika maneno hayo.

Nini basi fundi aweza kujifanyia? Aweza kubadili mpira aliounga, kuweka washa mpya ya aina ile ile kwenye nati, na kufunga geji mpya ya gesi ile ile na kipimo kile kile. Kufungua kifua cha regyuleta ni jambo jingine. Hilo lataka vipuri kamili vya mtengenezaji wake, meza safi, mikono mikavu, na mtu aliyefundishwa. Utando uliokatwa katika tyubu ya gurudumu si utando. Springi iliyovutwa ili iongeze nguvu haisemi kweli tena. Wala utepe wa mafundi bomba si dawa ya nati inayovuja.

Kwa upande wa asetilini yako makatazo mawili ya kushika. Mkazo wake usipandishwe kupita ratili 15 kwa kila inchi ya mraba, maana juu ya hapo gesi hiyo yaweza kulipuka hata pasipo hewa. Tena mipira yake isiungwe kwa kipande cha bomba la shaba nyekundu, kwani asetilini na shaba huzaa kitu kilipukacho kwa kuguswa.

Kazi ikiisha, jaribu. Legeza skrubu ya mbele kabisa, simama kando, wala usiielekee geji, ndipo ufungue mtungi polepole. Paka maungio povu jepesi la sabuni isiyo ya mafuta. Kisha weka mkazo wa kazi, funga kichomeo, na utazame geji ndogo kwa dakika 5. Mshale ukipanda wenyewe, vali haikai kitini, na chombo hicho hakifai kazi hata kama kilinunuliwa kwa bei ya kutupa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa rahisi huvunja zaidi ya chungu. Mafundi wanne au watano wakichanga fedha, waweza kununua regyuleta mpya ya kupokezana, au sanduku la vipuri kwa zile walizo nazo. Vyuo vya ufundi navyo vingefanya hisani kubwa kuwafungulia milango mafundi wa mitaani kwa somo la siku moja. Na wewe muuzaji wa vyuma vikuukuu, ukijua regyuleta ni mbovu, ipasue kwa nyundo uiuze kwa kilo. Aliyechutama mbele ya turubai lako ana watoto wanaomngoja jioni.