Tuni Mgeni, Lugha Mwenyeji

Isangi, pale mto Lomami unapoingia mto Kongo, lokole ni ala inayosema. Ni gogo moja lililochimbwa likaachwa na midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu, mwingine wa sauti ya chini. Mpigaji wa kabila la Lokele hafuati alama za siri. Hufuata kupanda na kushuka kwa sauti katika lugha yake. Kwa kuwa maneno mengi yanalingana kwa sauti hizo, kila jina hugeuzwa msemo mrefu ili wa ng'ambo asikosee. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha 1949: neno lisaka, kwa kubadilisha sauti tu, huwa dimbwi, ahadi au sumu.

Hapo ndipo tenzi za Ulaya zilipokwama. Wamisionari Wabaptisti wa kituo cha Yakusu walizivisha tuni za kwao maneno ya Kilokele. Tuni ikapanda neno linaposhuka, maana ikavurugika. Kwangu mimi, kigeni hukaa pale tu kinapokubali kuongozwa na mwenyeji, na ala hukubali upesi kuliko tuni. Kusini mwa India, Baluswami Dikshitar alijifunza fidla kwa Mzungu huko Madras yapata miaka 200 iliyopita. Leo mpigaji huketi sakafuni, kichwa cha fidla kikiegemea mguu wake, akimfuata mwimbaji hatua kwa hatua. Gitaa nalo lilipata makao Kongo. Santuri za lebo ya GV zilileta nyimbo za Kuba, zilizojulikana kama rumba, kwa Kihispania tangu miaka ya 1930. Wendo Kolosoy, aliyewahi kuwa fundi wa meli za mtoni, akarekodi "Marie-Louise" kwa Kilingala mwaka 1948, katika studio ya Mgiriki Nicolas Jeronimidis.

Wapo watakaosema rumba haikuwa mgeni, kwa kuwa mizizi yake ilivuka bahari pamoja na watumwa wa Kongo. Ni kweli, na huenda ndiyo sababu masikio yaliipokea upesi. Lakini undugu huo hauelezi kwa nini Kihispania kiliachwa. Wengine watauliza: mbona tenzi za zamani bado zinaimbwa na kupendwa? Aliyezishika tangu utotoni anaijua maana kabla hajafungua kinywa. Anayezisikia mara ya kwanza ndiye hupotea. Carrington alitetea tenzi zinazozaliwa na usemi wenyewe, nami naungana naye: mtunzi wa kwaya wa Isangi aiseme kwanza sentensi yake, ndipo aitafutie tuni.