Dini na sayansi katika Bonde la Kilombero

Dini na sayansi katika Bonde la Kilombero ni mada inayohusu jinsi imani za kidini, za jadi na za kutoka nje, zilivyokutana na sayansi ya kisasa katika eneo la Ifakara, Mahenge na vijiji vya jirani kama Namawala, mkoani Morogoro, Tanzania. Bonde hilo lina umuhimu wa pekee kwa sababu limekuwa mahali pa utafiti wa tiba tangu miaka ya 1950, na kwa sababu utafiti huo ulianza chini ya kivuli cha misheni ya Kikatoliki. Kwa hiyo historia yake haikubaliani kirahisi na wanaosema kwamba dini na sayansi ni maadui wa siku zote, wala na wanaosema kwamba hazijawahi kugombana.

Usuli wa jumla

Wazo kwamba dini na sayansi zimekuwa vitani tangu mwanzo lilienezwa hasa na waandishi wawili Wamarekani wa karne ya 19, John William Draper mwaka 1874 na Andrew Dickson White mwaka 1896. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Galileo Galilei, aliyehukumiwa na mahakama ya Kanisa huko Roma mwaka 1633 kwa kufundisha kwamba Dunia inazunguka Jua. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba waamuzi wale walikosea.

Hata hivyo wanahistoria wengi wa leo wanaona picha hiyo haitoshi. Nicolaus Copernicus, aliyetangaza mwendo wa Dunia mwaka 1543, alikuwa mtumishi wa kanisa kuu. Ibn al-Haytham wa Basra (965 hivi - 1040 hivi), aliyeweka misingi ya elimu ya nuru kwa kufanya majaribio, alikuwa Mwislamu aliyeishi katika jamii iliyothamini elimu ya dini. Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, alikuwa mtawa wa shirika la Mt. Augustino. Georges Lemaître, aliyetoa wazo la ulimwengu unaopanuka kutoka mwanzo mmoja, alikuwa padri.

Historia ya dawa ya malaria inaonyesha pande zote mbili. Katika karne ya 17 watawa Wajesuiti walipeleka Ulaya gome la mti wa mkwinini kutoka Peru, likaitwa "gome la Wajesuiti". Liliponya homa, lakini baadhi ya Waprotestanti wa Uingereza walilishuku kwa sababu ya jina hilo tu. Dini ileile iliyosambaza dawa ikawa sababu ya watu wengine kuikataa. Mwaka 1820 wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kwinini kutoka katika gome hilo, na tangu hapo dawa ikawa ya duka na maabara.

Imani za bondeni

Wakazi wa bonde ni pamoja na Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wahehe, na katika miongo ya karibuni wafugaji Wasukuma. Wengi ni Wakristo, hasa Wakatoliki, na wengine ni Waislamu. Pamoja na dini hizo, heshima kwa mizimu, tiba za waganga na hofu ya uchawi vimebaki katika maisha ya kila siku.

Mwaka 1905 eneo hili liliingia katika Vita vya Maji Maji. Wapiganaji waliamini kwamba dawa ya maji ingezuia risasi za Wajerumani. Boma la Mahenge liliposhambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, wengi waliuawa kwa bunduki za rashasha. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama mfano wa imani iliyoshindwa na teknolojia. Lakini dawa hiyo ilifanya kazi nyingine pia: iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya utawala wa kikoloni, jambo ambalo silaha pekee zisingefanya.

Misheni na maabara

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi walichukua nafasi yao pamoja na masista wa Baldegg. Masista walianza kuhudumia wagonjwa, na huduma hiyo ikakua kuwa Hospitali ya Mt. Fransisko ya Ifakara, iliyopanuliwa sana wakati wa daktari Karl Schöpf. Kwa wamisionari, kuponya mwili kulikuwa sehemu ya kuhubiri: sindano iliyofanya kazi ilionekana kuwa hoja dhidi ya hirizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alifika mtaalamu wa wanyama Rudolf Geigy (1902-1995), mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoanzishwa Basel mwaka 1943. Geigy hakuja kuhubiri. Alikuja kuchunguza wadudu waenezao magonjwa, wakiwemo papasi wanaoleta homa ya vipindi. Alipata Ifakara kitu ambacho mtafiti mgeni hukihitaji: barabara, makazi, hospitali yenye wagonjwa, na watu waliokwisha kuzoea wageni wenye vyombo vya ajabu. Vyote hivyo vilikuwepo kutokana na misheni. Mwaka 1957 maabara ya taasisi yake ilifunguliwa mjini hapo, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini.

Maabara hiyo ilipita polepole mikononi mwa Watanzania. Mwaka 1996 ilikuwa kituo cha utafiti kinachojitegemea, na mwaka 2008 ilipewa jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Taasisi hiyo si ya kidini. Hospitali jirani imebaki ya Kanisa Katoliki, chini ya Jimbo la Ifakara lililoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Mahenge.

Kifafa huko Mahenge

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wametengwa. Watu waliogopa mate na povu la mgonjwa, wakiamini kwamba ugonjwa huambukiza kwa njia hiyo. Hivyo mgonjwa aliyeangukia motoni aliweza kuachwa aungue bila mtu kumgusa.

Jilek-Aall alionyesha kwamba mafundisho ya Kikristo hayakuondoa hofu hiyo daima. Katika Injili ya Marko, sura ya 9, Yesu anamponya kijana mwenye dalili kama za kifafa kwa kumfukuza pepo. Wasikilizaji waliokwisha kuamini kwamba kifafa kinatoka kwa roho waliona Maandiko yanathibitisha imani yao. Kumbe tayari karne nyingi kabla ya Kristo kulikuwa na waganga Wagiriki wa shule ya Hippocrates waliokana kwamba kifafa ni ugonjwa mtakatifu kuliko mengine.

Vidonge vilileta mabadiliko yaliyoonekana kwa macho: waliomeza kila siku waliacha kuanguka, wengine wakarudi shambani na shuleni. Utafiti wa baadaye umehusisha wingi wa kifafa Mahenge na minyoo ya ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wa kwenye mito yenye maji ya kasi.

Namawala na hesabu ya malaria

Namawala ni kijiji kilichoko magharibi mwa mji wa Ifakara, pembeni mwa tambarare inayofurika wakati wa masika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichunguza huko mbu na damu ya wakazi. Walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Matokeo mengine yalishangaza zaidi. Mbu walipungua sana wakati wa kiangazi, lakini idadi ya watu wenye vimelea katika damu haikupungua kwa kiasi hicho. Watoto wengi walikuwa na vimelea wakati wowote wa mwaka, ilhali wachache tu walikuwa wagonjwa siku fulani. Maana yake ni kwamba kuwa na vimelea si sawa na kuumwa. Mtoto mwenye homa na vimelea anaweza kuwa anaumwa nimonia, na vimelea vikawa vimekutwa tu.

Kwa sababu hiyo watafiti waliofanya kazi bondeni walitumia takwimu kukadiria ni sehemu gani ya homa zote inasababishwa na malaria. Jibu la namna hiyo ni sahihi kwa kundi la watoto, lakini kwa mtoto mmoja linabaki kuwa uwezekano tu.

Hapa ndipo imani inapopata nafasi yake. Mzazi hulizi swali la kundi. Yeye huuliza: kwa nini mwanangu, na kwa nini sasa, wakati watoto wa jirani wanaumwa na mbu walewale? Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alieleza jambo hilo mwaka 1937 kuhusu Waazande wa Sudan: walijua vizuri kwamba mchwa hula nguzo za ghala hadi likaanguka, ila uchawi ulieleza kwa nini liliwaangukia watu fulani saa fulani.

Degedege na malaria iliyofichwa

Katika sehemu nyingi za Tanzania degedege la mtoto lilihesabiwa kuwa ugonjwa tofauti na malaria, unaoletwa na ndege au shetani. Wengi waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa, hivyo alipelekwa kwanza kwa mganga. Kwa tiba ya kisasa, dalili hizo mara nyingi ni za malaria kali, na kila saa inayopotea inaongeza hatari ya kifo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na Susanna Hausmann Muela na wenzake kutoka eneo la Ifakara ulionyesha kwamba watu hawakuchagua upande mmoja na kuacha mwingine. Walikubali kwamba malaria huletwa na mbu na kwamba vimelea huonekana kwa darubini. Ila mgonjwa alipopimwa bila vimelea kuonekana, au dawa iliposhindwa, wengine walieleza kwamba mchawi ameficha vimelea ili daktari asivione. Mganga alitakiwa kuondoa kizuizi hicho, kisha mgonjwa arudi hospitali. Maelezo ya kisayansi hayakufuta uchawi, bali uchawi uliyachukua na kuyatumia.

Hata hivyo si haki kulaumu imani kwa kila kifo. Uchunguzi uliofanywa wilayani Rufiji kati ya 1999 na 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya waliokufa kwa malaria walikuwa wamekimbilia kwanza tiba ya kisasa. Umbali, ukosefu wa dawa na huduma dhaifu vilihusika pia.

Matokeo katika jamii

Mwaka 1997 ulianza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha kwamba watoto waliotumia vyandarua hivyo waliokoka kwa asilimia 27 zaidi. Chandarua hakikudai mtu abadili dini wala aache kuogopa wachawi. Kilidai alale ndani yake.

Hali ilikuwa tofauti imani ilipotaka kuchukua nafasi ya dawa. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka kila upande wa nchi walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Baadhi ya wagonjwa wa UKIMWI na kisukari waliacha dawa zao za hospitali, na hapo madhara yalikuwa makubwa.

Historia ya Kilombero inaonyesha kwamba sayansi ya kisasa ilifika huko ikiwa imebebwa na dini, ikajitenga nayo polepole, na bado inaishi jirani nayo. Sayansi imeeleza kwa uhakika jinsi mbu, minyoo na papasi wanavyoleta magonjwa. Swali la kwa nini msiba umempata huyu na si yule, watu wengi wa bondeni wanaendelea kulipeleka kanisani, msikitini au kwa mganga.