Picha ya Baba Ukutani na Hesabu za Kompyuta

Katika mtaa wa New Site, upande wa kaskazini wa mji wa Juba, ambako familia nyingi za wanajeshi zimejenga maskani, si ajabu kukuta ukutani picha ya mwanamume aliyevaa sare. (Mtaa huu usichanganywe na New Site nyingine, ile ya upande wa Kapoeta, ambako Dk. John Garang alikuwa akielekea tarehe 30 Julai, 2005 helikopta yake ilipoanguka.) Mara nyingi picha hiyo ndiyo pekee iliyosalia. Ilipigwa wakati wa vita, ikasafiri ndani ya mfuko wa nailoni hadi Kakuma au kambi za kaskazini mwa Uganda, ikalowa mvua, ikakunjwa mara nne, na sasa joto la Juba linaimalizia rangi. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwenye sura hiyo kufa hana baba mwingine wa kumtazama. Kwa hiyo mama anapoipeleka kwa fundi wa kompyuta ili “isafishwe”, hapana budi ajue ni kazi gani inayofanywa humo ndani, maana ipo kazi ya kurudisha sura, na ipo kazi ya kubuni sura.

Kompyuta haioni uso. Inaona nukta ndogo mno, ziitwazo pikseli, na kila nukta ni namba tu. Katika picha ya rangi nyeusi na nyeupe, sifuri ni weusi kamili na 255 ni weupe kamili. Vivuli vyote vingine vimo katikati. Picha ya kwanza kuingizwa katika kompyuta kwa njia hii ilikuwa, kwa namna ya kupendeza, picha ya kifamilia: mwaka 1957 Russell Kirsch, mtumishi wa ofisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, aliingiza picha ya mwanawe mchanga. Ilikuwa na nukta 176 kwa 176, yaani 30,976 basi. Simu ya kawaida ya leo hupiga picha yenye nukta milioni kadhaa.

Ikiwa picha ni namba, basi kuitengeneza ni hesabu. Hesabu hizo zinazofuatana hatua kwa hatua huitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa. Wala si hesabu za kutisha. Tuchukue picha iliyofifia. Kufifia maana yake ni kwamba weusi umepauka na weupe umechafuka, hata namba zote zimesongamana pamoja, tuseme kati ya 110 na 170. Kompyuta huzivuta zitawanyike tena: 110 inakuwa sifuri, 170 inakuwa 255, na nukta ya katikati yenye 140 inaangukia kwenye 128 hivi. Mara kola inatengana na shingo, na kofia inatengana na anga. Hakuna kilichobuniwa hapo. Tofauti zilikuwamo tangu mwanzo, ila jicho letu halikuweza kuzitambua.

Madoa nayo yana dawa yake. Chukua nukta tisa zilizo jirani shavuni: 62, 64, 63, 61, 250, 65, 60, 62, 63. Hiyo 250 ni chembe ya vumbi au ukungu. Mtu asiyejua atatafuta wastani, apate 83, na doa litabaki, limepakazwa tu kama matope yaliyofutwa kwa kitambaa kichafu. Aliye fundi huzipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ile ya katikati, ambayo ni 63. Doa limetoweka na shavu limebaki shavu. Kwa kunoa kingo, kompyuta hutengeneza kwa makusudi nakala yenye ukungu, huitoa katika picha yenyewe, na kile kinachobaki, yaani mistari ya macho, nywele na vifungo, huongezwa juu ya picha. Mafundi wa chumba cha giza walikuwa wakifanya hivyo kwa filamu kabla kompyuta haijaanza kushughulika na picha.

Hesabu za jamii hiyohiyo husaidia kusoma picha za rada zinazopigwa na setilaiti. Bentiu ilipozingirwa na mafuriko kuanzia mwaka 2021, setilaiti ziliweza kuona maji hata kukiwa na mawingu mazito, kwa sababu maji yaliyotulia huonekana meusi mbele ya rada. Lakini kwanza ilibidi chengachenga zilizotapakaa katika picha hizo zipunguzwe.

Turudi nyumbani. Hatari ya kwanza iko hapa: kompyuta haijui lipi ni doa na lipi ni mwili. Wazee wetu wengi wana chale usoni. Mnuer ana mistari sita inayopita kwenye paji la uso. Mshiluk ana safu ya vinundu juu ya nyusi. Mmundari ana alama zilizokutana kama herufi V. Katika picha ndogo iliyochakaa, mistari hiyo ni vivuli vyembamba, na kwa programu ya kulainisha ngozi haina tofauti na mkunjo wa karatasi au kasoro nyingine. Fundi akibonyeza kitufe bila kuangalia, anarudisha kijana mwenye paji laini kama la mtoto. Picha itapendeza, lakini nani atamtambua? Kwa maoni yangu ni heri picha ibaki na mikunjo yake mitatu kuliko kumpoteza mtu alama ambazo alizipata kwa damu yake siku ya kuingia utu uzima. Mwambie fundi mapema kuna chale gani na ziko wapi, kisha kaa naye anapofanya kazi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Programu mpya, zile zilizofundishwa kwa mamilioni ya picha, hazinyooshi namba tu. Hubahatisha kile kisichokuwapo. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha programu iitwayo PULSE, iliyochukua uso wenye nukta 16 kwa 16 na kutoa uso wa nukta 1,024 kwa 1,024. Pigeni hesabu: kila nukta moja imezaa 4,096. Watu walipoipa picha ya Rais mstaafu Barack Obama iliyofifishwa, programu ikatoa uso wa mzungu. Haikuwa na nia mbaya. Ilijazia kutokana na nyuso ilizozizoea.

Jambo hilo lilikuwa limeonywa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Walitumia picha za wabunge wa Rwanda, Senegali na Afrika Kusini, na za wabunge wa Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7.

Wasomaji wetu wa jeshi la polisi nao wana sababu ya kutega sikio. Mnamo Januari 2020, polisi wa mji wa Detroit walimkamata Robert Williams mbele ya mkewe na binti zake wadogo kwa sababu kompyuta ililinganisha uso wake na picha hafifu ya mwizi wa saa iliyonaswa na kamera ya dukani. Alilala rumande. Hakuwa yeye. Mwaka 2024 mji huo ulikubali kumlipa dola 300,000. Picha iliyonolewa inaweza kumpa mpelelezi mahali pa kuanzia kutafuta. Uso uliobuniwa hauwezi kuwa shahidi, hata ukiwa mzuri namna gani.

Sasa neno kwa mama wa nyumba. Usiibandue picha iliyogandamana na kioo; ipige ikiwa humohumo, ukiwa umeshika kitambaa cheusi nyuma ya simu ili kioo kisirudishe mwanga. Ipige kivulini wakati wa mchana, bila taa ya simu, baada ya kufuta lenzi kwa kitambaa safi. Kama kuna skana, omba nukta 600 kwa kila inchi. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati na si kama picha, kwa kuwa ikitumwa kama picha hubanwa, na baadhi ya yaliyomo hutupwa yasirudi tena. Mwagize fundi afanyie kazi nakala, na ile ya kwanza aihifadhi jinsi ilivyo. Akikuletea picha iliyojazwa macho au mdomo ambao haukuonekana, iandikwe nyuma yake kwamba imejazwa. Kwa penseli laini, nyuma ya ile ya zamani, andika jina la aliyemo, jina la baba yake, mahali na mwaka, wakati bado yupo mzee wa kukuambia.