Mfasiri au Mkalimani? Istilahi za Vifurushi vya Lugha za Programu

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wa maandishi ya kompyuta huyapita haraka, kwa kudhani kwamba yamekwisha kupata visawe, yapo mawili ambayo wataalamu wa fani hiyo huyaita kompaila na intapreta. Mara kwa mara utayakuta yote mawili yamepewa jina moja, 'programu ya kufasiri', na msomaji huachwa akisie ni ipi inayosemwa. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina njia ya kuyatenganisha, tena njia iliyokuwako kabla ya kompyuta yenyewe kuzaliwa.

Suala hili si la kupendezesha lugha tu. Mtumishi wa serikali anayeandika orodha ya mahitaji ya ofisi yake akikuta maneno 'programu ya kufasiri', ataelewa kuwa ni ile inayogeuza barua ya Kiingereza ikawa ya Kiswahili. Ataiidhinisha au ataikataa kwa sababu zisizohusiana kabisa na kitu alichoombwa. Mwalimu naye ana taabu ya namna nyingine. Wanafunzi wake huuliza kwa nini programu moja, ikishanakiliwa, hufanya kazi katika mashine yoyote ya aina ile, ilhali nyingine hukataa katakata mpaka kitu kingine kiwekwe kwanza. Jibu la swali hilo limo ndani ya tofauti ya maneno yale mawili, na tofauti ikifichwa na istilahi, jibu nalo hufichika.

Hebu tuangalie lugha yetu inavyowatenga watu wa kazi hizi. Mfasiri hukaa na maandishi. Huyasoma mpaka mwisho, hurudi nyuma, hufuta na kuandika upya, na akimaliza huacha matini nyingine inayoweza kusomwa hata yeye mwenyewe akiwa hayupo. Mkalimani husimama baina ya wasemaji, mahakamani au barazani, akipokea neno na kulitoa papo hapo. Haachi karatasi nyuma yake, na siku asipofika, shauri huahirishwa.

Kompaila ni mfasiri na intapreta ni mkalimani. Kompaila hupokea msimbo asilia wote, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtu, ikatoa faili jingine katika lugha ya mashine. Faili hilo likishapatikana, kompaila haihitajiki tena wakati wa kazi. Intapreta husoma msimbo na kutekeleza maagizo yake palepale, na kwa hiyo haina budi kuwapo kila mara programu inapoendeshwa.

Wapo waliopendekeza kuita kompaila 'kikusanyaji', kwa kufuata maana ya kawaida ya neno la Kiingereza. Jambo la ajabu ni kwamba pendekezo hilo lingefaa sana mwaka 1952. Wakati huo Grace Hopper, aliyekuwa akishughulika na mashine ya UNIVAC huko Marekani, alitengeneza programu iliyoitwa A-0. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya maagizo vilivyohifadhiwa katika utepe, kila kimoja kwa namba yake, na kuvikusanya viwe programu moja. Ukusanyaji ulikuwa ukusanyaji kweli. Lakini mwaka 1957 kampuni ya IBM ilipotoa FORTRAN, iliyobuniwa na kundi la John Backus, jina la zamani lilibaki juu ya kazi iliyokwisha kubadilika: sasa ilikuwa kugeuza fomula za hisabati kuwa lugha ya mashine. Waingereza na Wamarekani wameendelea na neno lao kwa mazoea. Sisi hatuna mazoea hayo ya kuyalinda, wala hatuoni sababu ya kuyarithi.

Historia ya intapreta ni fupi zaidi kueleza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, John McCarthy wa chuo cha MIT alikuwa akibuni lugha ya Lisp, na katika nadharia yake aliandika kanuni ya kukokotoa thamani ya usemi wowote wa lugha hiyo. Steve Russell aligundua kwamba kanuni ile ingeweza kuandikwa kwa mkono katika lugha ya mashine ya IBM 704, na ikawa ndiyo intapreta ya Lisp. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen walitengeneza intapreta ya BASIC iliyoweza kukaa katika kumbukumbu ya baiti 4,096 tu. Kwa kompyuta ndogo za wakati ule, kuwa na mkalimani mle ndani kulikuwa na maana kwamba mtu aliweza kuandika agizo moja, akalijaribu na kuona jibu lake hapohapo.

Hapa ni lazima tuwatahadharishe walimu kuhusu maelezo yaliyozoeleka, kwamba intapreta husoma mstari mmoja, ikautekeleza, ndipo ikaenda kwa mwingine. Maelezo hayo hayatoshi kwa lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991 akiwa Amsterdam na ambayo leo hufundishwa mahali pengi. Intapreta ya Python huanza kwa kulisoma faili lote na kuligeuza kuwa msimbo wa kati, kisha huutekeleza msimbo huo hatua kwa hatua. Mwanafunzi akisahau mabano katika mstari wa mwisho, hata mstari wa kwanza hautatekelezwa. Lakini akitaja katika mstari huo huo wa mwisho jina lisilojulikana, mistari yote ya juu itafanya kazi kwanza, ndipo kosa litangazwe. Kwa hiyo ni mkalimani anayefanya ufasiri kidogo kabla ya kupanda jukwaani. Hata hivyo bado ni mkalimani, kwani bila yeye kuwapo hakuna kinachotendeka. (Jina la lugha hii, tuseme kwa kupita, lilitokana na kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, anayeifasiri kuwa 'Chatu' amefasiri kitu kisichokuwamo.)

Je, tuseme 'mkalimani wa Python'? Msomaji atadhani ni mtu aliyeajiriwa. Tunaona heri kutumia ngeli ya KI-VI: kikalimani na vikalimani, kifasiri na vifasiri. Wako watakaopinga kwa kusema kwamba ki- ikiwekwa penye mtu huashiria upungufu, kama katika kipofu, kiziwi na kiwete. Ni kweli, lakini kiambishi hicho hicho ndicho kilichotupa kikokotoo, kichapishi na kipaza sauti, na hakuna anayevisikia kuwa vilema. Faida yake kubwa ni kwamba upatanisho wa kisarufi wenyewe humweleza msomaji kuwa kinachosemwa ni chombo: kikalimani kinasoma, mkalimani anasoma.

Tuje kwenye kifurushi. Neno hili limekubalika kwa mkusanyo wa mafaili yaliyofungwa pamoja ili yasakinishwe kwa mara moja, na tunalipenda, kwa kuwa furushi ni kitu kilichofungwa na mtu kwa ajili ya safari. Lakini mfasiri akumbuke kwamba kwa Mtanzania wa leo kifurushi kwanza ni muda wa maongezi na data anazonunua kwa simu. Ukiandika 'nunua kifurushi cha Python' umempotosha mara mbili, maana Python hutolewa bure. Sema 'kifurushi cha programu' pale unapokitaja kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo kifurushi peke yake kitatosha.

Mfano unaofaa ni wa Debian, mfumo wa uendeshaji ambao programu zake hugawanywa katika vifurushi. Humo kikalimani cha Python kimo katika kifurushi kimoja, na moduli ya tkinter, inayoiwezesha programu kufungua madirisha yenye vitufe na menyu, hupatikana kwa kifurushi cha pili kiitwacho python3-tk. Anayesakinisha cha kwanza tu ataambiwa kwamba hakuna moduli yenye jina hilo, hata kama msimbo wake hauna kosa lolote. Katika Windows jambo hili si la kawaida, kwani kisakinishi cha Python huleta vyote pamoja. Mwalimu mwenye mashine za aina zote mbili darasani atauona utata huu siku ya kwanza.

Tena tkinter ina siri inayowafaa wafasiri kwa namna ya pekee. Haichori dirisha yenyewe. Hutegemea Tk, zana iliyotengenezwa na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ili itumiwe pamoja na lugha yake ya Tcl, ambayo aliianza mwaka 1988. Mtu anapoagiza kitufe kwa Python, tkinter huligeuza agizo lile kuwa la Tcl na kulikabidhi kwa kikalimani cha pili kilichomo mle mle. Waliofanya kazi katika mikutano ya kimataifa wanaujua mtindo huu: mkalimani wa Kiswahili asiyejua Kichina humsikiliza mwenzake anayekitoa Kichina kwa Kiingereza, naye akaendelea kutoka hapo. Ndiyo maana mwanafunzi ambaye hajapata kuandika hata neno moja la Tcl huweza kupewa taarifa ya kosa la Tcl. Ametafutiwa wakalimani wawili, na aliyekwama ni yule wa pili.

Limebaki neno la picha. 'Programu ya michoro' halifai kwa programu zenye madirisha, kwani msomaji ataelewa kuwa ni ya kuchorea. Kiolesura cha picha ni afadhali, na kwa maandishi ya kawaida 'programu yenye madirisha' inaeleweka na wote. Ile sehemu ya dirisha inayochorwa juu yake tusiiite turubai, ambalo kwa watu wengi ni la kufunikia lori. Uga wa kuchorea unatosha.

Kwa mpango huu, maelezo ya kifurushi tulichokitaja yangeweza kuandikwa hivi: 'Kifurushi hiki cha programu kinaongeza moduli ya tkinter kwenye kikalimani cha Python 3, ili programu-tumizi zilizoandikwa kwa lugha hiyo ziwe na kiolesura cha picha. Kinategemea maktaba za Tcl na Tk, ambazo zitasakinishwa pamoja nacho. Kikalimani chenyewe kimo katika kifurushi kingine.'